Ubia wa Mataifa katika Kazi za Anga: Tunguu, Ngomeni na Shaba

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde. Mtu asimamaye hapo penye Shimo la Mungu, karibu na boma la zamani, huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini ya miguu yake, na ng'ambo ya mto huo nchi ya Msumbiji. Mahali hapa pana historia ndefu ya kupanda na kushuka. Katika karne ya kumi na tisa watu wengi walipanda uwandani kwa kuikimbia biashara ya watumwa na mashambulio ya Wangoni. Vichaka vizito viliwapa kinga, lakini ardhi iliwanyima maji. Mchanga wa huko huinywa mvua mara inaponyesha, na chemchemi hazitokei ila chini, katika miteremko na mabonde. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza mila za wenyeji, aliona jinsi maji yalivyochotwa mbali huko chini na kupandishwa kwa taabu kila siku. Usalama ulikuwa juu na uhai ulikuwa chini, na kati ya viwili hivyo palikuwa na mtungi kichwani mwa mwanamke.

Katika miaka ya 1950 liliundwa Shirika la Maji la Makonde ili kuipunguza taabu hiyo. Maji yalisukumwa kwa mashini kutoka mabondeni hata juu ya uwanda, na wenyeji wakatakiwa kuyalipia. Tangu miaka ya 1970 nchi ya Finland nayo ilitia mkono katika maji ya vijiji vya Mtwara na Lindi. Kazi hizo zilidhihirisha jambo ambalo watu wa Newala hawahitaji kuhubiriwa: kitu kizito hakipandi juu kwa nia njema peke yake. Mashini hudai mafuta, vipuri na fundi. Na fundi hudai mshahara. Yule anayetoa fedha leo lazima aulizwe ni nani atakayetoa kesho, na yule anayeletewa bomba lazima aulizwe kama ni mnunuzi, au mgeni wa kukirimiwa, au mwenye mali.

Maswali hayo ya maji ndiyo maswali ya anga. Vijana wa leo hucheza katika kompyuta michezo ya kujenga mataifa, wachezaji wengi kwa pamoja, kila mmoja na nchi yake. Katika michezo ya namna hiyo kazi ya kwenda angani huwa kilele cha ujenzi wote. Mchezaji hukusanya mali, huhesabu gharama, huwaita wenziwe wachangie, kisha chombo hupaa. Mtungaji wa mchezo kama huo hana budi kuamua mambo manne: nani atoe nini, nani amiliki chombo, nani apate matunda yake, na mwenye kutaka kutoka atoke kwa njia gani. Katika mchezo mambo hayo huamuliwa kwa kanuni ya mtu mmoja. Katika historia yaliamuliwa na watu wengi waliokuwa na nguvu zisizolingana, na Afrika ya Mashariki ina mifano yake yenyewe, iliyo halisi na yenye mafunzo makubwa. Mitatu kati yake yafaa kutazamwa kwa taratibu.

Mfano wa kwanza ni Tunguu, katika kisiwa cha Unguja. Mwaka 1958 Marekani ilianza kazi iliyoitwa Mercury, ya kumpeleka mtu angani na kumrudisha salama. Chombo kinachoizunguka dunia hakionekani na kituo kimoja kwa muda mrefu. Huchomoza katika upeo, hupita, kikazama baada ya dakika chache. Kwa hiyo Wamarekani walihitaji mnyororo wa vituo vya redio vilivyoizunguka dunia. Walipanga vituo kumi na vinane, viwili kati yake vikiwa katika meli. Baada ya kituo cha Kano, Nijeria, kilifuata cha Zanzibar, kisha meli iliyokaa katika Bahari ya Hindi, kisha vituo vya Australia. Zanzibar haikupewa kazi ya kurusha roketi hata moja. Kazi yake ilikuwa kupokea kwa redio habari za chombo na za mwili wa rubani, na kuzungumza naye anapopita.

Mapatano ya kujenga kituo hicho yalitiwa sahihi tarehe 14 Oktoba 1960, na waliotia sahihi walikuwa Serikali ya Marekani na Serikali ya Uingereza. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na raia wake hawakuulizwa. Basi haikuwa ajabu kwamba kituo kiliingia mara moja katika siasa za kisiwa. Chama cha Hizbu na watu wa vyama vya wafanyakazi walikipinga kwa maandamano na kwa maandishi. Walisema kwamba kituo hicho kingekifanya kisiwa kuwa shabaha katika vita vya mataifa makubwa, na ya kwamba nyuma ya maneno ya elimu kulikuwa na maneno ya silaha. Wenye kituo walijibu kwamba hapakuwa na roketi wala silaha, ila minara ya redio na mashini za kuandika habari. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini ukweli unaotolewa baada ya mapatano kufungwa haupokewi kama ukweli unaotolewa kabla yake.

Kituo kilifanya kazi yake. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiotimia saa tano, na sauti ya Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sauti alizozisikia njiani. Baada yake walipita Scott Carpenter na Walter Schirra katika mwaka uo huo, na Gordon Cooper Mei 1963. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Katika Aprili ya mwaka huo Serikali mpya iliwataka Wamarekani wakiondoe kituo, nacho kikaondolewa. Baadaye kazi kama hiyo ilifanywa katika kisiwa cha Madagaska.

Ni rahisi kulisema tukio hilo kuwa ni ushindi wa hofu juu ya elimu. Aliye mwadilifu katika hukumu yake ataona zaidi ya hapo. Mnyororo wa vituo kumi na vinane ulipangwa kwa uhodari mkubwa kwa upande wa mashini, lakini kwa upande wa watu ulikuwa na pete moja dhaifu. Mzanzibari alitoa mahali, na mahali hapo hapakuweza kubadilishwa kwa urahisi, kwani chombo kilipita juu yake na si penginepo. Mchango wake ulikuwa mkubwa, lakini haukuandikwa katika hesabu kama mchango. Aliyetoa mchango usioandikwa hana sababu ya kuulinda. Siku alipopata mamlaka ya kusema hapana, alisema hapana.

Mfano wa pili ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi katika pwani ya Kenya. Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na mwanajeshi wa anga, aliona kwamba Italia haina mali ya kushindana na mataifa makubwa, lakini ina wataalamu. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilipatana kugawana kazi: Marekani itoe roketi za namna ya Scout na iwafunze Waitaliano kuzirusha, Italia itengeneze setilaiti yake na itoe uwanja wa kurushia. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na Waitaliano kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964. Uwanja wenyewe ulikuwa majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini, katika ghuba ya Ungwana. Jukwaa la Santa Rita lilipata kutumika kwanza, Machi 1964, kwa roketi ndogo zisizofika katika mzunguko wa dunia. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ilipaa kutoka jukwaa la San Marco na kuingia katika mzunguko wake.

Kwa nini Kenya? Sababu ni ya maumbile. Dunia inajizungusha, na mahali panapokwenda mbio kupita pote ni Ikweta, ambapo uso wa nchi hukimbia kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na Ikweta hupata mwendo huo bure, kama mtu arukaye kutoka mtumbwi unaokwenda mbele. Ngomeni iko digrii tatu tu kusini ya Ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu, ambapo vipande vya roketi vyaweza kuanguka bila kumdhuru mtu. Tena setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta huepukana kwa sehemu kubwa na eneo la Atlantiki ya Kusini, ambalo mionzi yake huvitatiza vyombo vya kupimia. Roketi ndogo iliyorushwa Ngomeni iliweza kufanya yale ambayo kwingine yangedai roketi kubwa zaidi.

Tunda kubwa la ubia huo lilipatikana tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo, ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano walirusha kutoka Ngomeni setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo kama 140. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeisimamia kazi hiyo kwa upande wa Marekani, aliiita Uhuru, kwa kuiheshimu siku na nchi. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kusudi la kuichunguza mbingu yote kwa mionzi ya eksirei, ambayo haipenyi hewa ya dunia na kwa hiyo haiwezi kupimwa kutoka ardhini. Ilifanya kazi hata Machi 1973, na orodha ya mwisho ya matokeo yake ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wenye nguvu wa kuwapo kwa mashimo meusi, yaani nyota zilizojikunja hata mwanga usiweze kutoka ndani yake. Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, ambaye ndiye aliyeiongoza elimu ya setilaiti hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Hivyo neno la Kiswahili lilikwenda juu, likakaa katika vitabu vya wanafalaki wa dunia nzima.

Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni tangu 1967 hata 1988: nne za Italia, nne za Marekani, na moja ya Uingereza, iitwayo Ariel 5, mwaka 1974. Kazi ya kurusha ikakoma Machi 1988, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea habari za setilaiti.

Katika ubia huu kila mshirika alitoa kile alichokuwa nacho na ambacho mwenziwe alikihitaji. Marekani ilikuwa na roketi, Italia ilikuwa na wahandisi na majukwaa, Kenya ilikuwa na Ikweta na bahari. Mapatano ya Marekani na Italia yaliligawa jambo muhimu kuliko fedha, yaani ujuzi. Mwitaliano hakununua setilaiti iliyokwisha tengenezwa. Alifunzwa, akarusha, kisha akamrushia mwalimu wake. Hiyo ndiyo maana ya ushirikiano unaomkuza mdogo.

Lakini hapa ndipo ulipo upungufu. Mgawanyo huo wa ujuzi ulikuwa kamili kati ya washirika wawili tu, na wa tatu alikaa mlangoni. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ngomeni mgeni alikuja, na wenyeji wengine walipata ajira, lakini miaka mingi baada ya Uhuru kupaa Kenya haikuwa na setilaiti yake, na Wakenya wengi walilalamika kwamba manufaa yao yalikuwa madogo kuliko thamani ya mahali pao. Ilikuwa mpaka Oktoba 2016 ndipo Kenya na Italia zilipotia sahihi mapatano mapya yaliyotaja waziwazi mafunzo, haki ya kutumia picha za dunia zinazopigwa na setilaiti, na msaada wa kujenga idara ya anga ya Kenya, ambayo iliundwa mwaka 2017. Tofauti kati ya Tunguu na Ngomeni ni kwamba Ngomeni mwenye mahali aliachiwa nafasi ya kurudi mezani, na meza haikuvunjwa kabla hajafika.

Mfano wa tatu ni wa Shaba, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Mwaka 1975 lilianzishwa Ujerumani ya Magharibi shirika la biashara lililoitwa OTRAG, chini ya uongozi wa Lutz Kayser. Shabaha yake ilikuwa kutengeneza roketi za bei nafuu kwa kufunga pamoja mabomba mengi ya namna moja. Rais Mobutu alilikodisha shirika hilo eneo kubwa mno la Shaba, lililotajwa kuwa la kilomita za mraba kama 100,000, na muda wa mapatano ulikuwa ufike hata mwaka 2000. Roketi za majaribio zilirushwa mwaka 1977 na 1978. Mbili za kwanza zilipanda, na ya tatu ikashindwa mbele ya macho ya Rais mwenyewe.

Habari za mkataba huo ziliposikika, nchi jirani na Urusi ya Kisovieti zilipiga kelele. Kila mmoja aliuliza: roketi hizi ni za kubeba setilaiti au ni za kubeba mabomu? Ujerumani inapewaje katika Afrika kile kisichoruhusiwa kwake nyumbani? Huenda majibu ya wafanya biashara yalikuwa ya kweli kama yalivyokuwa majibu ya Wamarekani wa Tunguu, lakini hapakuwa na baraza ambalo jirani angeweza kuingia na kutazama. Mwaka 1979 Mobutu aliufuta mkataba, na shirika likahamia Libya. Shaba haikubakiwa na shule ya uhandisi, wala fundi aliyefunzwa kurusha, wala orodha ya nyota.

Mifano hiyo mitatu ikipangwa pamoja, yatoa hoja ambayo haionekani katika mfano mmoja peke yake. Tunguu palikuwa na kusudi jema, mpango mzuri wa mashini, na hapana ridhaa. Shaba palikuwa na ridhaa, lakini ilikuwa ridhaa ya mtu mmoja, na kazi yenyewe ilifichwa machoni pa majirani. Ngomeni palikuwa na ridhaa, na kazi ilifanywa wazi, na matunda yake yaliandikwa mahali ambapo kila mtaalamu angeweza kuyasoma. Ngomeni peke yake ndiyo iliyodumu. Mtu aweza kusema kwamba ilidumu kwa bahati ya siasa, kwa kuwa Kenya haikupatwa na mapinduzi. Bahati ilikuwapo, hapana shaka. Hata hivyo bahati haielezi kwa nini mshirika aliyelalamika kwa miaka mingi alichagua kuandika mapatano mapya badala ya kukiondoa kituo.

Mwaka 1976 palikuwa na jaribio la kuupima mchango wa mahali kwa njia nyingine. Nchi za Ikweta, na miongoni mwao Kenya, Uganda na Zaire, zilikutana Bogota, Colombia, zikatangaza kwamba sehemu ya anga iliyo kilomita 36,000 juu ya Ikweta ni mali yao. Setilaiti ikiwekwa hapo huizunguka dunia kwa mwendo sawa na wa dunia yenyewe, na kwa mtazamaji wa chini huwa kama taa iliyotundikwa darini. Mataifa mengine hayakulikubali dai hilo, kwani Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza taifa lolote kuimiliki anga. Kisheria dai lilikuwa dhaifu. Lakini lilitokana na uchungu uleule wa Tunguu: mwenye mahali aliona mahali pake panatumika, na hana kitu mkononi. Kosa la Bogota lilikuwa kudai umiliki pale palipofaa kudaiwa ushirika.

Watu wa kusini mwa Tanzania wanaujua uchungu huo kwa jina jingine. Tangu 1947 hata 1951 Serikali ya Kiingereza ilitaka kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zaidi ya pauni milioni 35 zilipotea. Kwa ajili ya Nachingwea palijengwa reli na bandari ya Mtwara. Bandari imebaki, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapana aliyeweza kusema kwamba fedha zilikuwa chache au mashini zilikuwa haba. Kilichokosekana ni kumwuliza mkulima wa mahali hapo habari za udongo wake na mvua yake kabla trekta halijashuka melini. Ujuzi wa mwenyeji haukuhesabiwa kuwa mtaji, kama vile Ikweta ya Mkenya na anga ya Mzanzibari hazikuhesabiwa.

Ni kipi basi kilicho kigezo chema? Kimoja chaonekana juu ya vichwa vya watu wa Newala wenyewe. Katika Aprili 1952 tufani kubwa kutoka Bahari ya Hindi iliipiga pwani ya Lindi, ikaua watu na kuvunja majumba. Wakati huo hapakuwa na jicho juu ya bahari. Upepo ndio uliojitangaza wenyewe. Tarehe 25 Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth iliingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji, upande wa pili wa Ruvuma. Safari hii njia yake ilifuatwa kwa picha za setilaiti siku kadha kabla, na watu wa Mtwara walionywa mapema na kutakiwa waende mahali pa salama.

Miongoni mwa setilaiti zilizotazama Bahari ya Hindi wakati huo ilikuwamo Meteosat-8, iliyowekwa juu ya Ikweta, mashariki kidogo ya longitudo ya Mtwara. Si mali ya taifa moja. Ni mali ya EUMETSAT, ushirika wa mataifa ya Ulaya ulioanza mwaka 1986 na ambao wanachama wake sasa ni 30. Kila mwanachama hulipa kwa kadiri ya pato lake: tajiri hutoa zaidi, maskini hutoa kidogo, na picha ni za wote. Hapana mwanachama ambaye peke yake angeona faida ya kutundika setilaiti kila miaka michache. Kwa pamoja mzigo ni mwepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idara za hali ya hewa za nchi za Afrika zilipewa, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, vifaa vya kupokea picha hizo. Tanzania basi huonywa kwa jicho la kuazima. Kuazima si aibu, na mwenye jicho hakulifumba. Lakini aazimaye hana kauli juu ya mahali jicho litakapotazama, wala siku litakapohamishwa.

Kwa sababu hiyo juhudi ndogo za miaka ya karibuni zastahili kutazamwa kwa heshima kuliko udogo wake. Mei 2018 setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Roma, ilitolewa angani kutoka chumba cha Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kijisanduku cha kubebwa mkononi. Novemba 2022 ilirushwa ya Uganda, pamoja na ya Zimbabwe na ya Japani, zote tatu zikiwa kazi za wanafunzi waliokaa chuo kimoja huko Kyushu. Vijana walitumwa, wakajifunza, wakatengeneza kwa mikono yao. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1 kwa roketi ya Marekani. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwaka 2018 sheria ya kuunda Idara ya Anga ya Afrika, na makao yake yakafunguliwa Kairo Aprili 2025. Katika kazi hizo Mwafrika haleti mahali tu, analeta mwanafunzi.

Yeyote atakayekaa kuubuni ubia wa anga, akiwa waziri au mtungaji wa mchezo, hana haja ya kuanza na roketi. Aanze na daftari la michango, aandike ndani yake kila kinachotolewa: fedha, ujuzi, ardhi, bahari, anga, na ridhaa ya watu. Mchango usioandikwa hugeuka kuwa deni, na deni la namna hiyo hulipwa siku isiyotazamiwa, kama lilivyolipwa Tunguu. Kisha aweke sharti kwamba kila mshirika, hata aliye mdogo kupita wote, apeleke watu wake wakafunzwe. Kwani mashini huchakaa na fedha huisha, bali fundi humfunza fundi. Aweke mlango wa jirani kutazama, ili kisitokee kilichotokea Shaba. Na mwisho aandike mapema namna ya kurudi mezani, kwa sababu mshirika aliye maskini leo huenda asiwe maskini kesho, na mapatano yasiyoweza kuandikwa upya hayana njia nyingine ila kuvunjwa.

Mambo hayo yana uzito kwa nchi ambazo kila moja peke yake haina uwezo wa kutundika jicho lake juu ya bahari inayoleta tufani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji hupigwa na mvua zilezile na upepo uleule, na Ruvuma si mpaka machoni pa tufani. Jicho hilo likipatikana siku moja kwa ubia wao, watakaolilipia ni pamoja na mkulima wa korosho wa Newala, kwa kodi yake na kwa mwanawe aliyepelekwa shule. Naye, kama alivyouliza babu yake juu ya maji yaliyosukumwa kutoka bondeni, atakuwa na haki ya kuuliza: ni nani mwenye mashini, ni nani mwenye ufunguo, na siku itakapoharibika ni nani kati yetu ajuaye kuitengeneza?